Majina Tisa kwa Hatua za Cha-Cha

Mzee aliyenifundisha gitaa la ridhimu kule Kigoma alikuwa na mtihani mmoja tu kwa wanafunzi wake. Hakukupa wimbo mgumu. Alikupa “Indépendance Cha Cha”, akakaa kwenye kigoda chake, akafumba macho, akasubiri aone kama utaweza kuupiga mwanzo hadi mwisho bila kuongeza kitu. Wengi tulianguka hapo. Vidole vikishazoea njia huanza kutafuta pa kuchezea: unatia pambo hapa, unakaza mkono pale, mara mdundo umekimbia na mzee amefumbua macho.

“Mwanangu,” aliniambia siku moja, “wenzako waliupiga huu Ulaya, baridi ya Januari, nchi yao iko mezani inajadiliwa, na hawakuwa na haraka. Wewe haraka yako inatoka wapi?”

Nilinyamaza. Nilidhani ananifundisha mwendo wa mkono. Ilinichukua miaka kung’amua kwamba alikuwa ananionyesha kazi ya ufundi ambayo ugumu wake wote umefichwa ndani ya wepesi wake, na ambayo watu huipita kwa sababu wanaijua mno. Wimbo huu hupigwa kila Juni 30, hutiwa kwenye filamu kila inapotajwa Kongo ya mwaka 1960, na wengi wetu tunaweza kuuvumisha hata bila kujua maneno yake. Tumeufanya kumbukumbu ya historia. Mimi leo nataka niutazame kama mtu anavyotazama mlango wa Zanzibar: nani aliuchonga, kwa patasi gani, na kila ua limekaaje mahali pake.

Tarehe 20 Januari 1960 ulifunguliwa mjini Brussels mkutano ambao Wakongo waliuita Table Ronde, yaani Meza ya Duara. Viongozi wa vyama vya Kongo walikaa na serikali ya Ubelgiji, na jambo lililokuwa mbele yao ni uhuru, hasa lini. Patrice Lumumba hakuwapo siku ya kwanza. Alikuwa kifungoni kwa sababu ya ghasia za Stanleyville za Oktoba 1959. Wenzake wakashikilia aletwe. Akafunguliwa, akatua Brussels tarehe 26 vifundo vya mikono vikiwa vimezungushiwa bandeji. Kesho yake, tarehe 27, siku ya uhuru ikapatikana: 30 Juni 1960. Ilikuwa imebaki miezi mitano.

Katika mji huohuo, siku hizohizo, kulikuwa na wanamuziki kutoka Léopoldville, mji tunaouita Kinshasa leo. Walifika kwa mwaliko wa Thomas Kanza, msomi kijana wa Kikongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji, ili wajumbe wapate kusikia muziki wa kwao. Kiongozi wao alikuwa Joseph Kabasele, aliyezaliwa Matadi mwaka 1930, mwimbaji wa sauti nyororo ambaye mashabiki walimpa jina la Grand Kallé. Bendi yake, African Jazz, aliianzisha mwaka 1953. Alikuja na Nicolas Kasanda, yaani Docteur Nico, kwenye solo. Kaka yake Nico, Charles Mwamba aliyeitwa Dechaud, kwenye ridhimu. Roger Izeidi kwenye manyanga na sauti. Na Petit Pierre kwenye ngoma. Halafu kuna wawili wa kuwatazama vizuri: Vicky Longomba, mwimbaji, na Brazzos, mpiga gitaa. Hawa hawakuwa watu wa African Jazz. Walitoka OK Jazz, bendi ya Franco.

Anayejua muziki wa dansi anaelewa maana yake. African Jazz na OK Jazz zilikuwa shule mbili, na mashabiki wa Léopoldville walizigawana kama watu wa Dar es Salaam wanavyogawana Simba na Yanga. Kwa hiyo bendi iliyopanda ndege kwenda Brussels ilikuwa tayari imefanya kile ambacho wanasiasa walikuwa wanajaribu kukifanya. Wajumbe wa Kongo waliunda umoja wao, wakauita Front Commun, ili wasigawanywe na Wabelgiji. Wanamuziki nao walikuwa na wao, na kwa bahati njema wa kwao tunaweza kuusikia mpaka leo: sauti ya Kabasele wa African Jazz na sauti ya Vicky wa OK Jazz zimeshikana katika wimbo mmoja, na sikio lisilojua habari hii haliwezi kusema nani anatoka wapi.

Huko Brussels, safarini, hotelini, ndiko wimbo ulikozaliwa. Waliupiga kwenye Hoteli ya Plaza. Haukutungwa nyumbani kwa nafasi, ukanolewa miezi kadhaa kwenye baa za Léopoldville mbele ya wachezaji wanaojua kukosoa. Ni wimbo wa wageni walioko ugenini, uliotungwa habari ikiwa bado ya moto, na mtungaji alipaswa kuamua kwa haraka mambo ambayo kwa kawaida huamuliwa taratibu.

La kwanza aliloamua ni mtindo, na hapo ndipo ustadi unapoanza.

Jambo la taifa lilikuwa linadai machi. Tarumbeta, ngoma za askari, kifua mbele. Nchi nyingi zilizopata uhuru miaka ile zilijitungia nyimbo za namna hiyo. Kama si machi, basi rumba, kwa kuwa rumba ndiyo iliyokuwa damu ya Léopoldville. Kabasele akachagua cha-cha-cha.

Cha-cha-cha ilikuwa haijafikisha hata miaka kumi. Mpiga fidla wa Kuba, Enrique Jorrín, aliitoa Havana na bendi ya Orquesta América, na wimbo wake “La Engañadora” wa mwaka 1953 ndio unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa mtindo huo. Namna alivyoipata ni somo kwa kila fundi. Jorrín aliwatazama wachezaji ukumbini, akaona kwamba mahadhi ya kurukaruka yaliyokuwa yakivuma wakati ule yanawavuruga miguu. Akayanyoosha mahadhi, akayaweka juu ya mapigo yenyewe badala ya katikati yake, ili mguu wa mtu wa kawaida ujue pa kukanyaga. Watu wakaanza kucheza kwa hatua mbili za taratibu na tatu za harakaharaka, na zile tatu, soli za viatu zikiburuta sakafuni, zilitoa mlio: cha, cha, cha. Jina likatoka miguuni mwa wachezaji.

Kwa maneno mengine, huu ni mtindo uliotengenezwa kwa makusudi ili asiyejua kucheza aweze kucheza. Ukitaka wimbo utakaochukuliwa na nchi nzima, nchi kubwa vile, yenye makabila mia na lugha mia, hakuna chombo kinachofaa zaidi. Rumba inataka mwenzi na muda. Machi inataka amri. Cha-cha inataka miguu miwili tu.

Na haikuwa ngeni kwao. Tangu miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilikuwa inaleta Afrika santuri za Kuba, zile zilizojulikana kwa herufi GV, na vijana wa mito ya Kongo walizisikiliza wakatambua kitu cha nyumbani ndani yake. Walikuwa na haki ya kutambua. Miongoni mwa watu waliopakiwa utumwani kupelekwa Kuba walikuwamo Wakongo wengi, na ngoma zao hazikubaki pwani. Hata huku kwetu santuri hizo zilizaa: Morogoro palikuwa na Salum Abdallah na bendi yake iliyojiita Cuban Marimba, na jina lenyewe linatosha kueleza. Wakongo walikwenda mbali zaidi kwa sababu walikuwa na magitaa na walijua kuyafanyia kazi. Bendi ya Jorrín ilikuwa na fidla, filimbi na piano. African Jazz ilitegemea nyuzi za gitaa, kwa hiyo kila kilichofanywa na piano ya Havana kilipaswa kutafutiwa vidole vya kukifanya.

Sasa niingie ndani ya maneno, maana hapa ndipo ninapomvulia Kabasele kofia.

Beti za wimbo huu, ukizitazama kijuujuu, ni orodha. Vyama vinatajwa, halafu watu wanatajwa: Bolikango, Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Bolya, Tshombe, Kamitatu, Essandja, Kanza. Majina tisa. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba huo si utunzi, ni mahudhurio ya mkutano. Sikubaliani naye hata kidogo, na namwomba kila anayefikiri hivyo achukue karatasi na kalamu, ahesabu mizani.

Bo-li-ka-ngo: nne. Ka-sa-vu-bu: nne. Ukiyaweka pamoja una mizani nane, yaani kipande kimoja kamili cha shairi letu. Lumumba ana mizani tatu, Kalonji naye tatu. Fundi mzembe angewaacha wapungue, mdundo ungechechemea. Kabasele anampa kila mmoja kiungo kidogo cha silabi moja mbele yake. Kilingala kinavyo viungo vya namna hiyo vya kutosha, na kimojawapo ni “na” ileile tuliyonayo sisi. Tatu zinakuwa nne, nne na nne zinakuwa nane. Ukwapi nane, utao nane. Mshororo wa mizani kumi na sita, kama wa malenga yeyote wa Tanga.

Endelea. Bolya ni mbili, Tshombe ni mbili; wawili hao wanakaa pamoja kwenye nafasi ya mtu mmoja mwenye jina refu. Kamitatu ni nne. Nane tena. Essandja ana tatu, anaongezewa sauti ya pumzi tu, “o”, anafika nne. Kisha Kanza, mbili. Hapa pengo ni la silabi mbili, na kiungo kimoja hakitoshi. Kabasele analijaza kwa neno “Mbuta”, ambalo kwa Kikongo ni heshima ya mtu mzima, kama sisi tunavyosema Mzee. Mbuta Kanza. Nne. Mshororo umefungwa.

Tazama kilichofanyika hapo. Daniel Kanza alikuwa mtu mzima kweli, na alikuwa baba wa Thomas, yule aliyewaalika wanamuziki. Heshima ilimstahili, adabu ya mgeni kwa mwenyeji wake imetimizwa, na wakati huohuo pengo la mizani limezibwa. Neno moja, kazi tatu. Ukiliondoa kwa sababu yoyote kati ya hizo, mbili zilizobaki zinaharibika.

Sisemi kwamba Kabasele alikuwa ameketi na kitabu cha kanuni za ushairi wa Kiswahili. Cha-cha inakwenda kwa mapigo manne, na mtu anayetunga kwa sikio atafika kwenye nne-nne bila kuambiwa. Lakini jambo hili linaeleza kwa nini wimbo ambao hauna neno la Kiswahili ndani yake ulikaa vizuri kwenye masikio ya Lubumbashi, Bukavu na Kigoma. Umepimwa kwa kipimo tunachokijua. Majina yote tisa, isitoshe, yanaishia kwa irabu, kama maneno yetu. Mwimbaji anaweza kuivuta silabi ya mwisho kadiri apendavyo.

Na kuna hili la usawa. Hakuna anayesifiwa kuliko mwenzake; lile “Mbuta” ni heshima ya umri tu. Kasavubu hana wasifu, Lumumba hana wasifu, Tshombe hana wasifu. Kila mtu kapewa nafasi ya mdundo wake, basi. Wakati ule haikuwa rahisi. Kasavubu na Kanza, wa chama kimoja cha Abako, walikosana hukohuko Brussels. Lumumba na Kalonji walikuwa wameshakipasua chama chao cha MNC vipande viwili. Kumtaja mmoja mara mbili, kumpa mmoja sifa moja ya ziada, kungetosha kuifanya nusu ya ukumbi ikae chini. Mtungaji mwingine angekwepa shida kwa kutomtaja mtu yeyote, angeimba kuhusu ndugu na umoja na jua linalochomoza. Kabasele akawataja wote kwa majina yao, akaiachia mizani iwe hakimu. Mizani haina chama.

Vyama navyo vimo: Abako, Conakat, Cartel, MNC, PSA na vingine. Vifupisho vya vyama ni maneno makavu, hayana mahadhi, wala sijui mshairi anayevipenda. Humo ndani, katikati ya vyama, bendi ikajipachika jina lake yenyewe: African Jazz. Mara ya kwanza nilipoligundua hilo nilicheka kwa furaha. Malenga wetu hutaja jina lake kwenye ubeti wa mwisho ili kazi isipotee, na Kabasele ametia sahihi yake mezani pamoja na wanasiasa, kana kwamba bendi nayo ilikuwa na wajumbe wake mkutanoni. Kwa hakika ilikuwa nao.

Kiitikio kimejengwa kwa namna nyingine. Humo hakuna majina. Kuna habari moja tu, kwamba uhuru tumeupata, na habari hiyo inarudiwa kwa lugha tofauti. Neno la Kifaransa, “indépendance”, linatangulia. Wakongo wengi walikuwa wameshaligeuza likae vinywani mwao, likawa “lipanda”, na hilo nalo limo. Kikongo kina lake, “kimpwanza”, nalo limo. Neno la mbele linabadilika kila mshororo, lakini “cha-cha” inayolifuata haibadiliki. Asiyejua Kilingala anasubiri zamu ya Kikongo. Asiyejua vyote viwili ana cha-cha yake. Hakuna anayebaki nje mlangoni.

Na Ubelgiji? Haitajwi. Hakuna mfalme, hakuna mkoloni, hakuna mjeledi wala mpira wa kugema msituni, ingawa sababu za kuyataja hayo zilikuwapo tele. Wimbo uliotungwa katika mji mkuu wa mtawala haumjibu mtawala neno hata moja. Unaongea na Wakongo tu. Naliona hilo kuwa uamuzi mzito kuliko matusi yote ambayo yangeweza kutiwa humo. Upungufu wake naouona ni mmoja: katika majina yote yale hakuna la mwanamke. Wimbo umeiandika meza kama ilivyokuwa.

Nirudi kwenye magitaa, maana ndiko nilikoanzia.

Mzee wangu alitukataza kusikiliza solo mpaka tumalize ridhimu, na sasa nadhani alikuwa sahihi. Ukiweka wimbo huu usikimbilie sauti. Tafuta kwanza gitaa la Dechaud. Liko nyuma kidogo, halina majigambo, linazunguka mduara uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Ndilo linalofanya kazi ya piano ya Kuba. Kila nota inakatwa fupi. Mkono wa kulia unagonga, wa kushoto unalegea mara moja ili sauti isitambae ikafunika inayofuata. Hilo ndilo lililokuwa likitushinda. Kupiga nota kunafundishika kwa siku moja. Kuinyamazisha kwa wakati wake, mara mia kadhaa, bila kuchoka na bila kubadilika, ni kazi ya miaka. Manyanga ya Izeidi yanapita humohumo katikati ya mapengo ambayo Dechaud ameyaacha. Angeyajaza, manyanga yangekosa pa kupita.

Juu ya sakafu hiyo ndipo Nico anapotembea. Alikuwa na miaka ishirini. Alizaliwa Mikalayi, Kasai, mwaka 1939, akasomea ufundi, na kwa elimu yake alikuwa afundishe makanika. Sijui kama ni mimi tu, lakini nikimsikiliza nasikia mtu anayejua vipuri vinavyoingiana. Haongezi sauti ili asikike. Anangoja waimbaji wamalize pumzi, anaingia kwenye nafasi waliyoiacha, anasema jambo fupi, anatoka kabla hawajarudi. Zamu yake ya peke yake inapofika, kijana mwenye vidole kama vile angeweza kumwaga yote aliyonayo, hasa Ulaya, mbele ya watu wakubwa. Nico anachukua mahadhi ambayo waimbaji wameshatuzoesha, anayavunja vipande vidogo, anavipanga upya mbele yetu, kila kipande kikitua pale mguu unapotua. Unaweza kuendelea kucheza. Huo ndio mpaka aliojiwekea, asimkwaze mchezaji, na hauvuki hata mara moja.

Kitu hicho alikuwa ameshakifikiria Jorrín kwa wachezaji wa Havana. Kijana wa Kasai alikielewa bila kuambiwa.

Kuhusu sauti nitasema machache. Kabasele anaimba kama anayempa mtu habari njema mlangoni, bado hajakaribishwa ndani. Hapazi sauti. Vicky yuko ubavuni kwake. Waimbaji wa leo wakipewa neno “uhuru” hulishika kwa mikono miwili na kulitikisa. Hawa wanaliachia lipite, kwa kuwa linarudi tena baada ya mistari michache.

Wimbo ulirudi Kongo kabla ya uhuru wenyewe, ukashika redio, ukavuka mipaka. Kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, harakati za kuukaidi ukoloni za mwaka 1961 zilizoongozwa na chama cha UNIP ziliitwa Cha-cha-cha, na Lusaka pana barabara yenye jina hilo mpaka leo. Sijui mtindo mwingine wa dansi uliopewa kazi kubwa namna hiyo.

Kabasele akaanzisha lebo yake, Surboum African Jazz. Mwaka 1961 akiwa tena Brussels alimchukua mpiga saksafoni wa Kameruni, Manu Dibango, aliyekuwa akipiga kwenye kumbi za mji huo, akamfikisha Léopoldville. Mwaka 1963 Nico na mwimbaji Tabu Ley Rochereau wakamwacha, wakaunda African Fiesta. Vicky Longomba alikuwa na mwana, Lovy, aliyekuja kuimba Kenya na Super Mazembe, na wana wa Lovy ndio Longombas tuliowacheza Nairobi na Dar es Salaam miaka ya 2000. Wengi waliokuwa wakiwachezea disko hawakujua kwamba babu yao yumo kwenye “Indépendance Cha Cha”.

Mwaka 2010, uhuru ukitimiza miaka 50, mwanamuziki Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliuchukua wimbo huu akautilia maneno yake juu ya kilichofuata baada ya sherehe. Akaupa jina kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: “Le Jour d’Après”, “Siku ya Baadaye”. Nimefurahi kwamba Kiswahili kiliingia hatimaye, hata kama kwa mlango huo. Na nimeona kwamba hata yeye, pamoja na machungu yote aliyokuwa nayo ya kusema, hakuyagusa mahadhi. Aliyaacha kama alivyoyakuta.

Machungu yenyewe tunayajua. Siku kumi na moja baada ya uhuru Tshombe aliitenga Katanga. Mwezi Agosti Kalonji akaitenga Kasai Kusini. Septemba 5 Kasavubu akatangaza redioni kumfukuza Lumumba uwaziri mkuu, na tarehe 17 Januari 1961, haujatimia mwaka tangu wimbo uimbwe, Lumumba aliuawa Katanga. Kasavubu na Tshombe walifariki mwaka mmoja, 1969, mmoja Boma na mwingine kizuizini Algeria. Watu wale hawakukaa tena pamoja mahali popote isipokuwa ndani ya mizani ile.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema wimbo huu ulidanganywa na furaha. Mimi sioni hivyo. Wimbo haukuahidi chochote. Usikilize vizuri: umesema kwamba watu fulani, wa vyama fulani, walikubaliana juu ya jambo fulani na wakalipata. Hayo yalitokea, Brussels, Januari 1960, na mashahidi wametajwa kwa majina.

Kabasele alifariki tarehe 11 Februari 1983, akiwa na miaka 52. Docteur Nico alifuata tarehe 22 Septemba 1985. Alikuwa amepelekwa Ulaya kwa matibabu, akafia hospitalini, Brussels.

Ukiupata wimbo huu, nakuomba uusikilize mara tatu. Mara ya kwanza mfuate Dechaud peke yake. Mara ya pili hesabu mizani ya majina kwa vidole. Mara ya tatu simama uucheze.